Kuandika Programu Inayoitika Upesi Kwenye Kompyuta Kuukuu

Mtumiaji wa kompyuta kuukuu ameshazoea kungoja. Anajua faili kubwa litachelewa kufunguka, wala hagombi. Linalomchosha ni kubonyeza kitufe na kuona skrini imenyamaza, asijue kama amesikika. Hubonyeza tena, halafu mara ya tatu. Programu inapozinduka hutekeleza vibonyezo vyote, na rekodi moja inahifadhiwa mara tatu.

Kuna kasi ya kuitika na kuna kasi ya kumaliza kazi. Ya kumaliza hutegemea sana prosesa na diski. Ya kuitika iko karibu yote mikononi mwa anayeandika programu, kwa sababu hata prosesa ya miaka 15 iliyopita ina nguvu tele ya kubadilisha rangi ya kitufe ndani ya milisekunde 10. Ikishindwa, ni kwamba kuna kazi nyingine iliyotangulia kwenye foleni. Mwongozo huu unahusu namna ya kuilinda kasi ya kuitika bila kuivua programu kila kipengele kinachoifanya ipendeze.

Viwango vya kulenga vinajulikana tangu zamani. Robert Miller, mtafiti wa IBM, aliviandika mwaka 1968, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, akavieneza mwaka 1993: ndani ya sekunde 0.1 mtumiaji huhisi jambo limetokea papo hapo. Hadi sekunde 1 anaona kachelewa lakini mawazo hayajakatika. Ikipita sekunde 10 anaanza kufanya jambo lingine. Kwa vitu vinavyosogea kwenye skrini ya herzi 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu.

Kwanza, mashine ya kupimia

Usipime kwenye kompyuta unayoandikia programu. Tafuta mashine halisi ya kizamani: prosesa ya viini (cores) viwili, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, skrini ya 1366×768. Hakuna kiigizo kinachofikia hapo. Kama huna, iga kwa uangalifu:

- Kwenye Linux, punguza kumbukumbu na viini kwa pamoja: `systemd-run --user --scope -p MemoryMax=1500M taskset -c 0,1 ./programu`. Usiizime swopu (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu ikijaa), maana unataka kuona kinachotokea kumbukumbu inapojaa.
- Shusha masafa ya prosesa kwa `sudo cpupower frequency-set -u 1.2GHz`. Wengi hukimbilia `CPUQuota`, nayo hudanganya: haipunguzi mwendo wa prosesa, inaisimamisha programu kabisa mgawo wake ukiisha katika kila kipindi cha milisekunde 100. Utaona kukwamakwama ambako mashine halisi ya polepole haina.
- Kwenye Windows, `msconfig` ina sehemu ya kuwasha kompyuta ambako unaweza kuweka idadi ya prosesa na kiwango cha juu cha kumbukumbu. Kumbuka kuirudisha ilivyokuwa. Kuna watu wamehangaika wiki nzima kutafuta zilikokwenda GB zao 12.
- Kwa kurasa za wavuti, zana za wasanidi za Chrome zinapunguza kasi ya prosesa mara 4 au 6. Hazigusi diski wala kadi ya michoro, kwa hiyo zichukulie kama kipimo cha hesabu pekee.

Kabla ya kupima muda wa kufunguka, ondoa faili zilizokwisha kukaa kwenye kumbukumbu. Linux: `sync`, kisha ukiwa na haki za msimamizi, `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`. Windows: washa upya. Programu iliyofunguka kwa sekunde 1 mara ya pili huenda ilichukua sekunde 14 mara ya kwanza, na ile ya kwanza ndiyo anayoipata mtumiaji kila asubuhi.

Rekodi muda kuanzia kibonyezo hadi skrini inapobadilika, angalau mara 50 kwa kila tendo, uzipange namba kwa ukubwa na kuangalia ya asilimia 95, yaani ile ambayo vipimo 95 kati ya 100 haviizidi. Wastani huficha maudhi: vibonyezo 47 vya milisekunde 20 na vitatu vya sekunde 2 vinatoa wastani wa milisekunde 139 hivi, namba isiyofanana na chochote alichokiona mtumiaji. Jambo jingine linalopotosha ni vumbi. Feni ikiziba, prosesa hupunguza mwendo yenyewe baada ya dakika chache za joto, na vipimo vya mwisho vinakuwa vibaya kuliko vya mwanzo ilhali msimbo haujabadilika. Ukiona hivyo, safisha feni kabla ya kuulaumu msimbo.

Uzi mkuu haungoji kitu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa. Karibu kila mfumo wa madirisha una uzi mmoja (thread, mfululizo wa maagizo unaotekelezwa peke yake) unaopokea vibonyezo na kuchora dirisha. Uzi huo ukishikwa, hakuna kinachoitika. Windows hungoja sekunde 5, kisha hulifunika dirisha kwa weupe na kuandika kwenye kichwa chake kwamba haliitiki. Mtumiaji akifika hapo huifunga programu kwa nguvu na kupoteza kazi yake.

Pitia msimbo wako ukitafuta mambo manne ndani ya uzi mkuu: kusoma au kuandika faili, kuuliza hifadhidata, kuita mtandao, na kungoja kufuli (lock, kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja). La nne ndilo husahaulika. Watu huhamishia kazi nzito kwenye uzi wa pembeni, wakajipongeza, halafu uzi mkuu unaomba kufuli lililoshikwa na uleule wa pembeni. Kwenye kompyuta mpya kufuli hushikwa kwa milisekunde 2 na hakuna anayegundua. Kwenye kuukuu ni milisekunde 300. Dawa yake: uzi wa pembeni uandae matokeo yake kando, kisha uyakabidhi kwa foleni, bila pande mbili kugusa data moja.

Hata swali dogo kama "je, faili hili lipo?" linaweza kushika uzi kwa sekunde nzima diski ikiwa imelala, na kwa muda mrefu zaidi folda ikiwa ya mtandao ulioanguka. Hilo nalo lipeleke pembeni.

Kazi isiyoweza kuhamishwa, kwa mfano kujenga vipande vya dirisha lenyewe, ikatekate. Kata kwa muda, usikate kwa idadi. Ukisema "shughulikia vitu 500 kisha pumzika", vitu hivyo vitachukua milisekunde 4 kwako na 40 kwa mwenzio. Mfano kwa JavaScript:

```
let i = 0;
function endelea() {
  const kikomo = performance.now() + 8;
  while (i < vitu.length && performance.now() < kikomo) {
    shughulikia(vitu[i++]);
  }
  if (i < vitu.length) setTimeout(endelea, 0);
}
```

Milisekunde 8 ni nusu ya fremu. Nusu nyingine inabaki kwa kuchora. Kati ya kipande na kipande, vibonyezo vilivyongoja hupata nafasi. Kitu kimoja peke yake kikichukua zaidi ya milisekunde 8, mpango huu haukuokoi: kikate hicho kwanza.

Idadi ya nyuzi za pembeni nayo ina mtego. Programu nyingi huanzisha uzi mmoja kwa kila kiini. Kwenye mashine ya viini viwili hilo linaacha uzi mkuu ukigombania nafasi na wawili wenye njaa. Anzisha nyuzi kwa idadi ya viini ukitoa mmoja, usishuke chini ya mmoja, na uzipe kipaumbele cha chini. Kwa kazi za diski ya kuzunguka, uzi mmoja mara nyingi unashinda nyuzi nne, kwa sababu nne zinaurusha mkono wa diski huku na huko.

Kazi ya pembeni lazima iweze kukatishwa. Chukua kisanduku cha kutafuta kinachotoa majibu mtu akiwa anaandika: akiandika herufi saba upesi, programu isiyojali inaanzisha utafutaji mara saba, na jibu la herufi tatu linaweza kufika baada ya jibu la herufi saba na kulifuta. Ngoja milisekunde 200 tangu herufi ya mwisho, upe kila utafutaji namba inayopanda, na jibu lenye namba ya zamani litupe. Utafutaji wenyewe uangalie namba hiyo kila baada ya rekodi mia kadhaa na kujisimamisha ukikuta imepitwa.

Taarifa za maendeleo zitume mara 10 kwa sekunde basi. Programu inayochora upya asilimia kwa kila faili katika faili 40,000 huishia kutumia muda mwingi kujisifu kuliko kufanya kazi.

Na kuhusu rekodi iliyohifadhiwa mara tatu: kibonyezo cha kwanza kibadilishe sura ya kitufe papo hapo na kukizima, kabla hata kazi haijaanza. Mistari miwili ya msimbo.

Diski ya kuzunguka ina hesabu yake

Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11.1, hivyo kwa wastani inangoja milisekunde 5.6 data ipite chini ya kichwa. Ongeza muda wa mkono kusogea, na kila usomaji wa mahali papya unagharimu milisekunde 15 au zaidi. Hiyo ni kama mara 60 kwa sekunde. Programu inayofungua faili ndogo 600 inapoanza imejihukumia sekunde 10, na programu ya kukinga virusi ikikagua kila faili, zaidi ya hapo. Zifunge ikoni, tafsiri na mipangilio katika faili moja linalosomwa kwa mfululizo, na ambacho hakihitajiki kwenye dirisha la kwanza kisipakiwe hadi kitakapoitwa.

Kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe, kosa la kawaida ni kuingiza rekodi mojamoja bila muamala (transaction, fungu la mabadiliko yanayothibitishwa kwa pamoja). Kila rekodi inangoja diski ithibitishe kuandika, na kwa diski ya kuzunguka unapata makumi machache tu kwa sekunde. Zizungushie `BEGIN` na `COMMIT`, na rekodi hizohizo zitaingia kwa maelfu. Weka pia `PRAGMA journal_mode=WAL` (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) na `PRAGMA synchronous=NORMAL`: wasomaji hawatamzuia mwandishi, na kungoja diski kunapungua sana. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika ghafla, miamala ya mwisho inaweza kupotea, ingawa hifadhidata haiharibiki. Kwa kumbukumbu za fedha tumia `synchronous=FULL`. Na WAL haifanyi kazi hifadhidata ikiwa kwenye folda ya mtandao.

Tanguliza `EXPLAIN QUERY PLAN` mbele ya kila swali linalochelewa. Ukiona neno `SCAN` kwenye jedwali kubwa, linasomwa lote; ongeza faharasa hadi uone `SEARCH`. `LIKE '%neno%'` haiwezi kusaidiwa na faharasa ya kawaida, hiyo ni kazi ya FTS5, kiendelezi cha SQLite cha kutafuta ndani ya maandishi. Na kwa kurasa za orodha ndefu, epuka `OFFSET 50000`: hifadhidata inazipitia rekodi zote hizo elfu hamsini na kuzitupa. Andika `WHERE id > ? ORDER BY id LIMIT 100`, ukikumbuka namba ya mwisho uliyoonyesha.

Kumbukumbu ikijaa, hesabu zote zinavunjika

Kwenye GB 4, toa sehemu inayochukuliwa na mfumo, kivinjari, na michoro ikiwa haina kumbukumbu yake yenyewe. Kinachobaki ni kidogo. Programu ikivuka hapo, mfumo unaanza kuhamishia kurasa za KB 4 kwenye diski, na kurasa 1,000 zilizotawanyika zinaweza kuchukua zaidi ya sekunde 15 kurudi. Lugha zinazozoa kumbukumbu zenyewe, kama Java, C# na JavaScript, huumia zaidi: mzoaji anapopita hugusa vitu ambavyo programu haijavigusa kwa saa nzima, hivyo anavirudisha vyote kutoka diskini. Ndiyo maana programu inaweza kuganda mtumiaji akiwa hafanyi chochote.

Picha ndizo huanza kulaumiwa, na kwa haki. JPEG ya pikseli 4000×3000 inaweza kuwa na MB 3 kwenye diski, lakini ikifunguliwa ni 4000×3000×4, yaani MB 48. Ukurasa wa vijipicha 30 uliofungua picha kamili na kuzibana kwa macho tu unakula GB 1.4. Maktaba za libjpeg zinaweza kufungua picha moja kwa moja kwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa, jambo linalookoa kumbukumbu na muda pia. Tengeneza kijipicha cha 256×256 (KB 256 kikifunguliwa), kihifadhi kwenye diski, na uweke kikomo cha vijipicha 200 kwenye kumbukumbu, ukitupa ambacho hakijatazamwa muda mrefu zaidi.

Orodha ndefu ijenge safu zinazoonekana pamoja na chache juu na chini. Safu 40 zinazotumiwa tena na tena huonekana kwa mtumiaji kama safu 20,000. Urefu wa safu uwe mmoja ukiweza. Safu za urefu tofauti hufanya upau wa kusogeza urukeruke, na kuurekebisha ni kazi ya wiki.

Vipengele vinavyojipunguza vyenyewe

Sasa kwenye mizani yenyewe. Hakiki ya papo hapo, ukaguzi wa tahajia, mapendekezo, uhuishaji: vyote vinafaa, na hakuna sababu ya kumnyima mwenye kompyuta kuukuu eti kwa umri wa mashine yake. Usitumie jina la prosesa wala idadi ya viini kuamua. Mashine ya viini viwili yenye Hyper-Threading (kiini kimoja kuendesha nyuzi mbili) inajitangaza kuwa na vinne, na katika kivinjari `navigator.deviceMemory` hutoa namba iliyokadiriwa, tena si kila kivinjari kinacho. Pima kipengele chenyewe kinavyokwenda.

Kanuni inayofanya kazi vizuri kwa hakiki na ukaguzi ni hii: baada ya kila mara, kumbuka kilichukua muda gani, kisha ngoja mara tatu ya muda huo kabla ya kukirudia. Hakiki ya milisekunde 20 itangoja 60, na mtumiaji ataiona ya papo hapo. Ya milisekunde 200 itangoja 600, na itajisasisha anapovuta pumzi. Kwa namna hiyo kipengele hakizidi robo ya muda wa kiini kimoja, kwenye mashine yoyote, bila orodha ya mashine kuandikwa popote. Weka kikomo cha chini milisekunde 50. Muda wa kazi ukivuka sekunde 1, acha kujisasisha na uonyeshe kitufe cha kuonyesha upya. Mtumiaji atakishukuru kuliko hakiki inayochechemea.

Kwa uhuishaji, hesabu fremu. Fremu tatu mfululizo zikizidi milisekunde 32, zima uhuishaji kwa muda wote uliobaki wa kikao. Usiuwashe tena katikati hata hali ikiwa nzuri, la sivyo dirisha litawaka na kuzima kama taa mbovu. Jaribu upya programu itakapofunguliwa tena. Na mtumiaji awe na swichi yake ya kulazimisha aonavyo, ikiwa mahali panapoonekana. Ombi la mfumo la kupunguza miondoko (`prefers-reduced-motion`) liheshimiwe pia, lakini hilo linahusu mtu anayesumbuliwa na miondoko. Halisemi lolote kuhusu nguvu ya mashine.

Madoido hayagharimu sawa. Ukungu nyuma ya dirisha ndio ghali kuliko yote kwa kadi za michoro za zamani, ukifuatwa na vivuli vipana vinavyosogea. Kubadilisha upana au urefu kunalazimisha ukurasa mzima upangwe upya kila fremu. `Transform` na `opacity` kwa kawaida havilazimishi. Lakini usibandike `will-change` (tamko linaloweza kukitengea kipengele tabaka lake la picha) kila mahali kwa kudhani ni dawa: tabaka moja la 1366×768 linachukua MB 4.2, na hamsini zinamaliza MB 210 bila kuonyesha lolote jipya. Kwenye msimbo wa wavuti, angalia pia vitanzi vinavyoandika mtindo kisha kusoma `offsetHeight`, kisha kuandika tena. Soma vyote kwanza, ndipo uandike vyote.

Gurudumu la kuzunguka la "tafadhali ngoja" lisionekane kabla ya milisekunde 300. Likitokea na kutoweka haraka hufanya programu ionekane nzito kuliko ilivyo. Likishamaliza kazi liondoe kabisa. Lililofichwa nyuma ya kidirisha kingine huku likiendelea kuzunguka huinyima prosesa usingizi na kumaliza betri.

Usipunguze kamwe amri ya kutengua (undo), kuhifadhi kiotomatiki, wala mshale wa kuandikia. Herufi lazima itokee mara inapobonyezwa, hata kama rangi, mapendekezo na ukaguzi vyote vitafuata nyuma. Na hakikisha vidirisha vyako vinatoshea kwenye urefu wa pikseli 768 ukitoa upau wa kazi. Kidirisha cha pikseli 800 huficha kitufe cha kukubali chini ya skrini, na hapo hakuna kasi itakayosaidia.

Mtego wa maagizo ya prosesa

Ukikusanya (compile) programu kwa `-march=native`, chaguo linalotumia maagizo yote ya prosesa iliyopo, kwenye kompyuta mpya, itakufa papo hapo kwenye ya zamani ikilalamikia agizo haramu. AVX, maagizo ya kuchakata data nyingi kwa mpigo mmoja, ilianza kwenye prosesa za Intel mwaka 2011 na AVX2 mwaka 2013, lakini Pentium na Celeron nyingi za baadaye zilitolewa bila hizo. Kusanya kwa `-march=x86-64-v2` au msingi wa `x86-64`, na kwa sehemu nzito andika matoleo mawili ukichagua wakati wa kuendesha kwa `__builtin_cpu_supports("avx2")`. Kagua na maktaba ulizochukua kwa wengine, maana huko ndiko agizo hilo hujificha mara nyingi.

Kulinda ulichokipata

Mwendo hupotea kidogokidogo, milisekunde 5 kwa kila toleo, na hakuna anayeona hadi malalamiko yafike. Chagua matendo matano: kufungua programu, kuandika herufi, kufungua faili kubwa, kutafuta, kuhifadhi. Yaendeshe kila usiku kwenye ile mashine kuukuu, yenye nakala ya data halisi ya ukubwa wa mtumiaji wa miaka mitatu, kwani hifadhidata tupu ina kasi kwenye mashine yoyote. Tendo likizidi kiwango chake kwa asilimia 10 usiku mbili mfululizo, toleo lisitoke. Usiku mmoja pekee haitoshi: huenda mfumo ulikuwa unajisasisha.